Dottore na Kaimati

Mbwa tuliyeletewa nyumbani hakujua neno hata moja la Kiswahili. Ukimwambia "kaa" anakutazama, ukimwambia "toka" anakuja, ukimfukuza kwa jiwe anadhani mnacheza: analifuata lile jiwe, analiokota, anakurudishia mkononi likiwa limelowa mate. Jina lake Dottore. Mwenyewe ni mzee wa Kiitaliano ambaye mimi namshikia bustani kule Casuarina, na mzee huyo, kama wenzake wengi wa Malindi, masika yakikaribia hufunga nyumba akaenda kwao. Miaka mingine mbwa hubaki na askari. Mwaka huo paa la makuti lilikuwa likibomolewa, mafundi wamejaa kila pembe, na mkubwa wao alisema wazi kwamba yeye hapandi ngazi kwenye nyumba yenye mbwa anayekwapua makuti na kukimbia nayo. Basi mzee akanikabidhi kamba, gunia la chakula cha punje, na pesa za matunzo ambazo sitazitaja hapa kwa sababu mke wangu naye husoma.

Tunakaa Shela. Shela ya Malindi, si ile ya Lamu. Mtaa wetu nyumba zimebanana, ukipiga chafya wa tatu anakuombea rehema, na mbwa akishuka kwenye tuktuk habari inafika msikitini kabla yake. Dereva alinitoza nauli ya watu wawili, akasema huyu abiria kakaa vizuri kuliko mimi. Wazee wa barazani waliinua macho kwenye bao, mmoja akawakumbusha wenzake kwamba Malindi hii ndiyo iliyompeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, kwa hiyo mbwa ndani ya tuktuk si jambo la kusimamisha mchezo. Wakaendelea.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Nyumba yetu ina serikali, na serikali hiyo ni mama mkwe. Alikuja kwetu kutibiwa magoti, magoti yakapona nusu, naye akakaa. Alipomwona Dottore hakupiga kelele. Aliinua miguu yote miwili juu ya kiti, akaikusanya kanga yake, akauliza:

"Huyo anapita au anakaa?"

"Anakaa kidogo tu, mama. Mpaka paa liezekwe."

"Kwa kazi gani?"

Hapo ndipo nilipotumia akili. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba mbwa wa kufugwa kwa pambo hana nafasi, lakini mbwa wa kuwinda, wa shamba na wa kulinda mifugo ana ruhusa yake. Nikamwambia huyu ni mbwa wa kulinda mifugo.

"Mifugo ipi uliyo nayo wewe?"

Nikanyoosha kidole kwenye banda la simbilisi.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Kisha akatoa masharti. Mbwa atakaa uani, hatavuka kizingiti. Sahani yake ni yake peke yake. Na mate yake yakigusa kitu chochote cha nyumba hii, kitu hicho kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Aliposema mara saba alinikazia macho mimi, si mbwa.

Simbilisi ni wa binti yangu. Ambaye hajawahi kumwona, ni mnyama wa kilo moja hivi, mnene, manyoya tele, mkia hana, vidole vinne mbele na vitatu nyuma, na kazi yake duniani ni kula na kulalamika. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru wanamfuga tangu kale kwa kitoweo. Habari hiyo binti yangu aliisoma akalia. Mama mkwe aliisikia akauliza wanapikwa vipi.

Tulianza na wawili. Muuzaji aliapa kwa Mola wake kwamba wote ni majike. Mimba ya simbilisi ni miezi miwili na siku chache, na watoto wanatoka tumboni na manyoya yao, macho wazi, siku hiyohiyo wanakimbia. Hupati hata nafasi ya kushangaa. Unaamka asubuhi unakuta wageni wameshakaa kwenye sahani. Walipotimia sita, daktari wa mifugo akaja, akamgeuza jike mmoja tumbo juu, akatuambia huyu ndiye baba. Akatengewa chumba chake ndani ya banda, na mpaka leo hajatusamehe.

Majina walipewa wakati wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni, na mtoto aliyefunga huwezi kumlaumu kwa majina aliyochagua saa hiyo. Yule baba ni Kaimati. Mkewe Bajia. Watoto ni Kachiri, Tambi, Mahamri na Viazi Karai. Mama mkwe alisema ukimpa mnyama jina la futari, umeshamchinja nusu.

Matunzo yao hayana mzaha. Majani ya ukoka wayapate kutwa, na kila siku iwepo sukuma wiki au pilipili hoho, maana miili yao haitengenezi vitamini C, sawa na yetu sisi. Wakisikia kisu kinagusa ubao wa kukatia mboga wanapiga mluzi wote kwa pamoja. Jirani aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi alifikiri tumeweka king'ora. Joto ndilo adui yao. Likipita nyuzi thelathini linaweza kuwaua, na kwa Malindi nyuzi thelathini ni za kufungulia kinywa. Kwa hiyo banda lao liko uani penye kivuli na upepo, na adhuhuri wanawekewa chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa. Mimi ninayelipa umeme nakunywa maji yenye uvuguvugu.

Sasa huyo mlinzi wa mifugo ilibidi ajulishwe kwa mifugo. Nikampigia simu daktari. Alicheka kwanza, akajifuta machozi nadhani, ndipo akasema. Wasionane mapema, alisema, wajuane kwa harufu: msugue mbwa kwa kitambaa, kitambaa ukipeleke bandani, na cha simbilisi umpe mbwa. Wakishazoeana puani ndipo uwakutanishe, mbwa akiwa ameshiba, ametembezwa mpaka akachoka, na amefungwa kamba, simbilisi wakiwa ndani ya banda lao. Halafu usimtazame usoni, mtazame mwili. Akinusa huku na kule mkia umelegea, ni heri. Akiganda, akakodoa macho, akatetemeka, huyo hasalimii, huyo anawinda. Simbilisi naye akiganda au akigonganisha meno, hofu imemshika, mtoe mbwa.

"Na hata wakipendana," akamaliza, "usiwaache peke yao. Mbwa ni mbwa."

Kitambaa cha simbilisi hakikuleta neno. Dottore alikinusa, akakilalia, akala nusu yake.

Kile cha mbwa ndicho kilichotuingiza kwenye historia ya mtaa. Nilimsugua Dottore vizuri, naye kila nikimsugua anakilamba, nikakitundika kwenye waya wa banda kikiwa kimeloa. Mke wangu ni mwanamke wa usafi. Akiona kitambaa kinaning'inia hakiulizi kimetoka wapi. Alikinyakua akapita nacho, akakitumbukiza kwenye beseni kubwa ambamo nguo za nyumba nzima zilikuwa zimelowekwa: kanzu yangu ya Ijumaa, sare za shule, mashuka, na doti za kanga za mama mkwe, mojawapo ile ambayo marehemu baba mkwe alimletea kutoka Mombasa.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Hakusema kitu. Alinyoosha vidole vitano, akaongeza viwili.

Wiki hiyo mabomba yalikuwa makavu. Maji tulikuwa tukiyanunua kwa kijana mwenye mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na maji ya kununua yana heshima yake: unayaogea kwa kikombe. Sasa yafue mashuka mara saba. Mama mkwe akawa mwamuzi. Tukifika ya tatu, mke wangu akasema ni ya nne, mama yake akasema penye shaka tunashika idadi ndogo, turudi ya tatu. Kwenye udongo tulikwama kabisa. Wa uani kuku wamepita. Wa njiani punda wamepita, tena hawakupita tu. Mwishowe nikaomba ruhusa nikachimbe chini ya mwarobaini wa jirani, ukutani kwake. Jirani akatoa kichwa dirishani.

"Mnapanda nini?"

"Tunafua."

Akafunga dirisha polepole.

Yule kijana wa maji alikuja, akaenda, akaja, akaenda. Alipoanza alikuwa akinisalimia "mambo". Kufikia alasiri alikuwa akinipa shikamoo. Mara ya mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mzee, mna harusi?"

"Tuna mbwa."

Akanipa pole kwa sauti ya kweli kabisa na kuniuliza kesho alete mitungi mingapi.

Tukafika siku ya kuonana. Ilikuwa Jumapili alasiri, jua limelegea. Dottore alikuwa ameshiba, nimemtembeza ufuoni mpaka mimi mwenyewe nikachechemea. Binti yangu amesimama na fungu la sukuma. Mke wangu ameshika simu anapiga picha, ili tukifanikiwa aiweke kwa jamaa na tukishindwa awe na ushahidi. Mama mkwe yuko ndani kidogo ya mlango, juu ya kiti, miguu imekunjwa.

Kamba niliifunga kwenye mguu wa banda. Kabla hujacheka, fikiri. Daktari alisema mbwa afungwe. Uani mwetu hakuna mti. Banda lenyewe limejengwa kwa boriti za mikoko, na fundi aliniapia kwamba hata ije tufani banda hili haling'oki. Na alisema kweli, halikung'oka. Lilikwenda zima.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Dottore alisogea, akanusa waya, mkia ukawa unapepea. Bajia na watoto walijikusanya pembeni, ila Kaimati alitoka mbele. Akavimbisha manyoya, akaanza kuyumbisha makalio huku na huku na kutoa mngurumo wa chini kwa chini, kama simu iliyowekwa kutetemeka juu ya meza. Hivyo ndivyo dume la simbilisi linavyomtongoza jike, na pia ndivyo linavyomwambia dume mwenzake kwamba hapa pana mwenyewe. Kwa Dottore alikusudia lipi kati ya hayo, siri ni yake.

Dottore aligeuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili. Akalala kifudifudi. Akaganda. Nikaona misuli ya mapaja inatetemeka, nikakumbuka maneno ya daktari.

"Kaa!" nikasema. Alikuwa ameshakaa.

"Rudi!"

Hakuna. Nikaona nitumie Kiitaliano changu, na Kiitaliano changu ni cha bustani: acqua ni maji, piano ni polepole, finito ni imekwisha. Nikasema piano, hakusikia. Nikasema acqua, akainuka taratibu akaenda kunywa maji kwenye sufuria yake. Nikapumua. Mke wangu akanitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu fungate. Finito nikaiweka akiba.

Na hapo mlango wa nyuma ukagongwa na mtu akapiga ukelele: "Majiiii!"

Kwao Casuarina, mkokoteni ukiingia huwa umeleta kitu: samaki, madafu, wakati mwingine mifupa. Dottore aliusikia ule mlio wa magurudumu akaruka. Kamba ikakazika. Banda likasita kidogo tu, halafu likaanza safari, na simbilisi ndani wakapiga mluzi ambao hata wale wazee wa bao, walivyoniambia baadaye, ulisimamisha mchezo. Likapita na beseni, likapita na sufuria ya maji, likapita na mimi. Nilikuwa nimelikumbatia kwa nyuma nikisema "piano, piano", nikiburuzwa kwa magoti mpaka mlango wa nyuma, ambako upana wa banda na upana wa mlango vilikataana. Banda likakwama. Kijana wa maji akapanda juu ya mkokoteni wake. Mlango wa banda ukafunguka, futari yote ikamwagika.

Nilichoona kutoka chini nilipokuwa ni vidole vinne mbele na vitatu nyuma vikipita juu ya uso wangu. Mwingine akaingia chini ya jiko la makaa, bahati nzuri limezimika. Wengine wakaelekea kuni, chooni, kusikojulikana. Kaimati, ambaye miguu yake haijawahi kukimbilia kitu isipokuwa sukuma, akakata uani kwa kishindo, akaruka kizingiti, akaingia ndani. Dottore alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, mkanda wa shingoni ukavuka masikio, na mimi nikabaki nimeshika kamba yenye mkanda usio na mbwa.

Kizingiti kile, cha masharti yote yale, hakukiona hata kidogo.

Binti yangu akapiga yowe: "Baba! Dottore amekula Kaimati!"

Kichwa cha jirani kikatokea juu ya ukuta. "Si mkaange nyingine, mwanangu," akasema kwa upole. "Kelele zote hizi kwa kaimati?"

Nilipofika ndani nikiwa nachuruzika maji, nilikuta hivi. Mama mkwe amesimama juu ya kiti. Ndiyo, magoti yaleyale ambayo hayapandi ngazi ya basi. Mbele yake anakuja Dottore, kichwa juu, mkia unafagia meza, na mdomoni mwake, pande zote mbili, yananing'inia manyoya meupe ya Kaimati. Hakuwa anamla. Dottore ana damu ya labrador, na mbwa wa aina hiyo walizalishwa kwa kazi ya kuokota bata waliopigwa risasi majini na kuwaleta bila kuwatoboa. Alikuwa anampelekea mama mkwe zawadi. Lakini ukiwa juu ya kiti na udhu wako mpya hayo yote huyajui.

Mama mkwe akainua mkono.

"Fermo!"

Dottore akasimama.

"Seduto!"

Dottore akaketi, mkia umenyooka sakafuni.

"Lascia," mama mkwe akasema, akishusha sauti. "Piano. Lascia."

Na mbwa yule, ambaye kwa siku zote zile nilimsihi kwa lugha ya baba zangu asinisikie, akainama akamweka Kaimati sakafuni. Kaimati akasimama, ameloa mate kutoka sikio mpaka mahali ambapo mkia ungekuwa, akatazama kulia na kushoto, akakimbia moja kwa moja akajifunika na upindo wa kanga ya mama mkwe uliokuwa umeanguka chini ya kiti.

Tangu nimuoe binti yake sikuwahi kusikia neno la Kiitaliano likitoka kinywani mwa mama yule. Mke wangu ndiye aliyenieleza. Waitaliano walizidi kuja pande hizi zama zile walipokuwa wakirusha setilaiti kutoka baharini pale Ngomeni, ya kwanza ikapaa mwaka 1967, na baada yao wakafuata watalii. Mama mkwe katika ujana wake alikuwa akipita ufuoni na vikoi begani na vikapu kichwani. Kiitaliano alichokipata huko hakikuwa cha kusoma magazeti, kilikuwa cha kuwaamrisha watu wazima wasimame, wakae, wanunue. Magoti yalipomkatalia mchanga, akakifungia sandukuni pamoja na mali iliyobaki. Neno moja tu hataki kulisikia: domani. Alikuwapo bwana mmoja aliyechukua vikoi viwili, akasema pesa domani, na kesho yake hiyo haijapambazuka mpaka leo.

Hayo nilielezwa tukiwa tumeinama tunamtoa Kaimati kwenye kanga. Maana mama mkwe alikuwa ameshatoa hukumu: kanga mara saba, sakafu mara saba, na huyo mnyama mara saba.

"Mama, mnyama naye?"

"Atalala wapi? Si mikononi mwa mtoto? Mtoto atakaa wapi? Si kitandani kwangu?"

Nikampigia daktari. Akaniambia simbilisi haogeshwi ovyo, atashikwa na baridi, atadhurika.

"Mama anasema mara saba. Na udongo."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo. "Maji ya vuguvugu basi," daktari akasema. "Mkaushe vizuri. Nakuja kumtazama, tundu dogo la jino la mbwa linaweza kutunga usaha."

Kijana wa maji, aliyekuwa bado juu ya mkokoteni wake, akashuka na kuanza kuteremsha mitungi bila kuambiwa.

Kaimati alioshwa. Wa kumshika nilikuwa mimi, wa kummiminia ni binti yangu, wa kuhesabu mnamjua. Safari za kwanza alipiga kelele mpaka watoto wa mtaa wakajaa ukutani. Kwenye ile ya udongo alikula udongo. Ya mwisho alikuwa ameshakata tamaa na dunia, amefumba macho, amekuwa nusu ya alivyokuwa, maana kumbe unene wote ule ulikuwa manyoya. Daktari akaja, akampapasa mbavu na shingo, akamfunua manyoya sehemu kwa sehemu. Hakuna tundu. Akampa pilipili hoho, naye akaila yote bila kubakiza, na hiyo, alisema daktari, ndiyo dalili: simbilisi akiacha kula ndipo ufunge safari ya hospitali.

Tukawakusanya wengine. Kachiri chini ya jiko, mweusi kwa masizi. Tambi na Mahamri kwenye kuni. Viazi Karai ndani ya kiatu changu cha bustani, na ndani ya kiatu hicho alikuwa ameshafanya mambo. Bajia hakuonekana. Tuliinua vitanda, tukasogeza friji, tukafunua pipa. Binti yangu akaanza kumtazama Dottore tumbo.

Mama mkwe akaamua mtuhumiwa ahojiwe. Akarudi kwenye kiti chake, miguu juu, mbwa akaketishwa nje ya kizingiti.

"Dov'è Bajia?"

Dottore akainamisha masikio.

"Dov'è?"

Dottore akaondoka akaenda pembeni ya uani, akarudi, akaweka mbele ya kizingiti jiwe lake.

Tulilala vibaya usiku ule. Asubuhi mapema mlango ukagongwa, taratibu, bila ukelele wa maji. Alikuwa yule kijana. Amekumbatia kitu ndani ya fulana yake, na uso wake uso wa mtu aliyekesha.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana. Nimefika nyumbani nikamkuta huyu katikati ya mitungi." Akafunua fulana. Bajia akatoa pua, mdomoni ana jani. "Amekula mchicha wa mama yote, hiyo si neno. Lakini mzee, mkia. Nadhani gurudumu limemkata. Nimerudi na tochi njia nzima, nimetafuta mpaka kwenye mtaro, mkia wenyewe sijauona."

Nilitaka kumweleza. Wallahi nilitaka. Lakini mke wangu alikuwa nyuma yangu, akaniwahi: "Tumekusamehe." Na siku hiyo mitungi miwili tulipata kwa bei ya mmoja.

Baada ya hapo mambo yalipata utaratibu, wala sikuuweka mimi. Banda likapandishwa juu ya matofali na kufungiwa kitasa, Dottore akapata kamba mpya ambayo haifungwi kwenye kitu chochote chenye uhai ndani yake, na kila alasiri mama mkwe humwendesha kutoka kitini kwake kwa umbali ambao mate hayafiki. Seduto. Giù. Fermo. Watoto wa madrasa wakipita husimama mlangoni na kuitikia. Na ulinzi kweli umekuwapo: paka wa mtaa, waliozoea kulala juu ya banda wakidondokwa na mate, sasa wanapitia kwa jirani. Daktari bado anasema tusiwaache peke yao, na hatuwaachi.

Juzi mwenye mbwa akapiga simu, ile ya kuonana uso. Yuko kwao, amevaa sweta, anataka kumwona Dottore. Nikamwonyesha Dottore. Nikamwonyesha na gunia, nikalikung'uta mbele ya kamera ili aone lilivyo tupu.

"Chakula kimeisha, bwana. Utatuma lini?"

"Ah, sì, sì," akasema, akipunga mkono. "Domani, domani."

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele. Ungo ukasimama.

"Mwambie arudie," akaniambia.

"Arudie nini, mama?"

"Hilo neno. Nipe hiyo simu." Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akaitenga, akaisogeza tena. Mzee wa watu akatabasamu, akasema "Buonasera, signora", akavua kofia kwa adabu. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu ule upara mama mkwe aliutambua.

"Due kikoi!" akanguruma. "Rosso! Blu!"

Dottore uani akaketi. Mimi nikaketi. Kwenye simu mzee akaufunika mdomo kwa ile kofia, macho yamemtoka, akaanza kuhesabu kitu kwa vidole, nadhani miaka.

"Mwambie mbwa wake ni rehani," mama mkwe akanirudishia simu na kuuvuta ungo wake. "Hatoki hapa mpaka vikoi vilipwe. Na ile mitungi ya mara saba uitie kwenye hesabu, usiisahau. Ya kanga na ya Kaimati."

Nikamgeukia mzee, sijui nianzie wapi, ndipo nikakumbuka lile neno nililokuwa nimeliweka akiba.